Mlango wa Chumba cha Upasuaji

Kabla haijawa hospitali, ilikuwa karakana ya Fundi Randa. Nesi aliyehamia mtaani alikosa pa kutibia watu, fundi akamwazima kona, akasogeza viti vyake visivyo na miguu upande wa pili. Wagonjwa wakawa wanarudi nyumbani na dawa mkononi na vumbi la mbao nyweleni. Watu wakachangia matofali, vyumba vikaongezeka, fundi akahamia kibandani nyuma, na milango yote akaichonga yeye.

Aliouringia zaidi ni wa chumba cha upasuaji. "Huu utanizika," alizoea kusema, akiupapasa kama shavu la mtoto. Aliupima kama mlango wa nyumba, na hakuna aliyeona kasoro, maana wagonjwa waliingia wakitembea au wamebebwa.

Kisha kikaja kitanda cha magurudumu. Wa kwanza kukilalia akawa binti yake mwenyewe, kitindamimba wake, aliyekuja kujifungua. Kamba ya kitovu ilimtangulia mtoto. Yule nesi, sasa mwenye mvi, alipanda naye kitandani, akapiga magoti, mkono wake ukikizuia kichwa cha mtoto kisiibane kamba hiyo. Wakakisukuma kitanda mbio hadi mlangoni.

Kwaa! Kikakwama.

"Tumbebe!" mume wa binti akapiga kelele.

"Asiguswe! Nikichomoa mkono, mtoto anakosa hewa." Nesi akageuza shingo. "Fundi! Mlango huu ulimpimia paka?"

Fundi alikuwa keshatimka kibandani. Akarudi na nyundo na mtaimbo.

"Kirudisheni nyuma kidogo."

"Baba, mlango wako..." binti akanong'ona, jasho likimtiririka.

"Mti tu huo, mama. Fumba macho."

Ubora wa kazi yake ndio uliomtesa. Pigo la kwanza liliteleza, la pili likaacha alama tu. Akawa analaani kimoyomoyo kila msumari aliouzidisha. Alipoukandamiza mtaimbo kwa uzito wake wote, mwimo wa mlango ukalia, ukang'oka na bonge la plasta. Kitanda kikapenya kikikwaruza ukuta. Ndani, daktari alikuwa ameshanawa.

Mlango haukuwapo tena, basi fundi akapewa shuka alizibe pengo. Akasimama akiinyoosha kwa mikono miwili, mgongo kwa chumba, macho kwa mkwewe.

Mara sauti ikapasua shuka.

"Wa kike!" nesi akatangaza kutoka ndani. "Analia kama msumeno. Kamrithi babu yake!"

"Na mama yake?"

"Mzima. Daktari anamshona. Shusha mikono basi, Fundi, utakauka hivyo hivyo."

Mkwewe akaipokea shuka. Fundi Randa akajishusha taratibu juu ya vipande vya mbao, akashusha pumzi ndefu.

"Sasa lete futi," nesi akasema, "upime kitanda kwanza, ndipo uchonge."

"Kesho, dada yangu," akajibu, akicheka huku akijifuta machozi kwa mkono uliojaa plasta. "Leo niache nikae."