Alama za Adventina Ukutani

Usinione namsifia Adventina kwa sababu ni jirani yangu. Mwanamke yule ni msumbufu, asikudanganye mtu! Yeye ndiye mtunzaji wa boma la Mjerumani hapa kijijini kwetu, njia ya kwenda Mugoma, na ukithubutu kufunga mbuzi wako kwenye ukuta wake utamsikia mpaka bondeni. Miaka kumi na tisa amefagia mavi ya popo, amechimba mifereji maji ya mvua yasile msingi.

Kazi yake kubwa ilikuwa nyufa. Mtaalamu wa mambo ya kale aliyepita zamani alimfundisha: chora mstari wa mkaa kukatisha ufa, andika tarehe pembeni; mstari ukiachana, ujue ukuta unatembea. Basi kila masika alichora, mpaka ukuta wa nyuma ukajaa mikato na namba. Mwaka jana mistari mitatu iliachana upana wa kidole. Akaja kwangu mbio.

"Jirani, ukuta ule unakuja chini."

Wakati huohuo mdogo wake, Pancras, alikuwa amerudi kutoka machimbo ya dhahabu Biharamulo, hana kitu ila maneno. Huku kwetu nani hajui habari za Wajerumani waliokimbia vita, wakafukia masanduku ya rupia na kuacha alama? Pancras akaziona alama za dada yake. Nyingine mbichi kabisa, kama kuna mtu anazihuisha kila mwaka asipasahau, tena zimesongamana mahali pamoja! Akajua amefika.

"Ni mimi niliyechora," Adventina alimwambia mbele yangu. "Nakuapia, mdogo wangu. Hapo ndipo palipooza."

Pancras akacheka mpaka akashika mbavu. "Dada, wakulipe miaka yote hiyo kulinda nyufa? Sema tu unalinda mali."

Nilimwambia Adventina aende kwa mwenyekiti wa kijiji. Hakutaka ndugu yake alale mahabusu. Badala yake alichukua ndoo na kitambaa, akafuta alama zote. Jamani! Alidhani zikitoweka, na tamaa itatoweka. Pancras alipoukuta ukuta mtupu macho yalimtoka. "Mmeona? Anaficha!" Kuanzia siku hiyo hakulala, hakula, anazungukazunguka kule na sururu. Mimi nilianza kuogopa hata kupita njia ile.

Jumapili ya Matawi mvua ilinyesha tangu alfajiri. Kanisani Adventina alikuwa anageuka kila dakika kutazama upande wa wanaume. Pancras hakuwepo. Wakati wa sadaka ukaja mshindo, madirisha yakatikisika. Adventina alitoka mbio peku, hata sikumuwahi.

Ukuta wote wa nyuma ulikuwa chini. Pancras alikuwa amechimba chini ya msingi, palepale alama zilipokuwa zimesongamana. Wanaume kumi na mmoja walifukua mpaka saa tisa alasiri, na Adventina kati yao, anatoa mawe kwa mikono, anamwita mdogo wake, anamwomba msamaha.

Walimtoa akiwa ameshakufa. Nilitandika kitenge changu kwenye matope, tukamlaza, nikamshika Adventina asianguke. Kisha nikawaita wanaume watusaidie kumbeba marehemu mpaka nyumbani.

Wanne walikuja. Saba walibaki shimoni, wanachimba.