Mbagnick Ngom na Daktari Mtani Wake

Mbagnick Ngom alirefuka mapema, na urefu ulimtesa kabla haujamlisha. Kwao Senegal, upande wa Niakhar, kijana wa Kiserer akishapata kimo hutazamiwa aingie ulingoni akapigane mieleka, na baba yake alikuwa amewabwaga wanaume wa vijiji vyote vya jirani. Mbagnick alirithi jina tu. Alikuwa mrefu mwembamba, kifua hana, na kila aliyemkamata miguu alimlaza chali bila kutoka jasho. Wenzake walimwita ngazi. Baba mtu alianza kutafuta visingizio vya kutokwenda kutazama.

Aliyemwokoa ni mjomba wake, dereva wa lori, aliyekuja kijijini msimu wa kuvuna karanga.

"Dada, huyu mnamfuga wa nini huku?" alimuuliza Siga, mama yake Mbagnick. "Mjini urefu huu unatafutwa kwa tochi, ninyi mnauchomea jua shambani."

"Atakula nini huko?"

"Atakula ninachokula mimi. Na akinishinda kwa kula, nitakurudishia."

Ndivyo alivyofika Dakar, akapelekwa mtaa wa Grand Yoff kwenye uwanja wa mpira wa kikapu, wa saruji yenye nyufa, kwa kocha mmoja mkali aliyeitwa Gassama. Mwaka wa kwanza hakufanya lolote la maana. Mpira ulimponyoka, filimbi ilimchanganya, na vijana wa mjini waliomfika kwapani walimpita kushoto na kulia wakicheka. "Mikono umeisahau kijijini?" Gassama alikuwa akifoka. "Andika barua waitume!" Lakini Mbagnick alikuwa na kitu kimoja ambacho wenzake hawakuwa nacho: hakuchoka kuruka. Mpira ukigonga ubao ukarudi, yeye alikuwa juu. Ukirudi tena, yupo tena. Kidogo kidogo akatoka kwenye benchi, akaingia timu ya wakubwa ya klabu, akaitwa kambi ya taifa akaachwa, akaitwa tena akabaki. Picha yake ilipotoka gazetini, baba yake aliibandika ukutani, na Siga akawa anawakaribisha watu chai ili waione.

Katika klabu hiyo ndipo alipokutana na Ansoumana Sambou, daktari wa timu, Mjola wa Casamance, kusini mwa nchi.

"Jina?" daktari aliuliza siku ya kwanza, bila kuinua macho.

"Mbagnick Ngom."

Sambou akaweka kalamu chini. "Mserer! Nani kamruhusu mtumwa wangu akae kwenye kiti?"

"Kiti ni changu, mgema wee. Na ukizungumza na mfalme wako, simama."

Waserer na Wajola ni watani, tena watani wa kufa na kuzikana. Kila upande unadai kumtawala mwenzake tangu enzi za mabibi, na hakuna kukasirika. Atakayenuna ndiye aliyeshindwa. Wawili hawa basi wakawa kama wamesubiriana maisha yote. Sambou hakumfunga bendeji bila kumtukana. Akija na kifundo kimevimba, anaambiwa kwamba miguu ya Waserer iliumbwa kwa ajili ya kupalilia mtama na si kuvaa viatu. Akija na mafua, anaambiwa arudi kijijini haraka awahi kuzikwa. Naye Mbagnick, akila wali nyumbani kwa daktari, alikuwa akimwambia mke wa Sambou kwamba anamhurumia, mwanamke mzuri hivi kuolewa na mkwea minazi.

Na Sambou alikuwa na ufundi wa kutania kwa uso mkavu. Safari moja alimwambia damu yake ina kasoro, aje hospitali Jumapili asubuhi bila kuweka kitu mdomoni. Mbagnick hakulala. Alifika na njaa yake, akaukuta mlango umefungwa, na Sambou amekaa ng'ambo ya barabara na sinia la wali na samaki, anamwita kwa kijiko. Timu nzima ilicheka mwezi mzima. Mbagnick aliapa mbele ya wote kwamba Mjola hatamtoa tena kitandani.

Katika nusu fainali ya mwaka ule walipokuwa moto kweli, Mbagnick aliruka kudaka mpira, akatua juu ya mguu wa mtu. Goti likatoa mlio. Alimaliza mchezo akichechemea, wakashinda, na watu wakambeba juu juu. Fainali ilikuwa Jumamosi iliyofuata. Wakala wa klabu moja ya Ufaransa alikuwa ameshakata tiketi kuja kumwona, yeye na si mwingine, na Gassama alikuwa amemwambia hivyo mbele ya timu. Kwa mchezaji wa saruji ya Grand Yoff, mlango wa aina hiyo hufunguka mara moja, na kwa wengi haufunguki kabisa.

Asubuhi yake Sambou alilishika lile goti, akalivuta huku na huku.

"Jumamosi huchezi," akasema.

"Ehee."

"Nasema huchezi, wewe Mserer. Kano imechanika, au karibu. Kesho njoo hospitali nikupige picha. Ukicheza hivi hivi, utarudi kwenu ukalime karanga kwa mguu mmoja."

Mbagnick akaangua kicheko. "Nije na njaa pia? Wali umeshaupika?"

"Mbona nakwambia mambo ya maana?"

"Ndivyo ulivyoniambia na ile damu! Leo humpati mtu, mgema. Tafuta mjinga mwingine."

Gassama akachungulia mlangoni. Uso wake ulikuwa na wasiwasi. "Dokta kasemaje?"

"Anasema nikalime karanga," Mbagnick akajibu, na wachezaji waliokuwa wakivaa viatu wakapasuka kwa kicheko.

"Ninyi wawili!" Gassama akasema, akapumua kama aliyetuliwa mzigo, akaondoka.

Hapo ndipo penyewe. Sambou angeweza kumfuata kocha. Angeweza kupiga meza. Lakini mdomo wake ulishazoea kujibu mzaha kwa mzaha, chumba kizima kilikuwa kinacheka, na Mbagnick alikuwa akimtazama kwa yale macho ya mtani anayesubiri pigo la pili. Sambou akacheka. Alicheka kidogo tu, lakini alicheka, na kicheko hicho kikafuta yote aliyotangulia kuyasema. Kesho yake alikaa hospitali akisubiri, Mbagnick hakutokea. Alimpigia simu. Mbagnick aliona jina, akatabasamu, akaiacha iite.

Jumamosi goti lilifungwa vizuri, na mwanzoni lilitii. Mbagnick alicheza kama mtu aliyeahidiwa mbingu. Wakala alionekana akiandika. Kisha robo ya tatu mpira ukagonga pete, Mbagnick akaruka, akaudaka kwa mikono miwili, na aliposhuka mguu wa kushoto haukumpokea. Walioketi mbali walisikia ukelele wake. Sambou alifika wa kwanza, akapiga magoti kwenye mbao za uwanja, akalishika lile goti.

Baada ya upasuaji walizungumza mara moja tu juu ya jambo hilo.

"Kwa nini hukuniambia?" Mbagnick aliuliza.

"Nilikwambia."

"Ulinitania."

"Nilikwambia, Mbagnick."

Sambou alikuwa hajawahi kumwita kwa jina lake. Mbagnick akageuka ukutani. Hakuwa na hasira, na ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alikuwa anajaribu kuikumbuka ile sauti, kama kulikuwa na mahali popote ilipobadilika, na hakupapata.

Wakala alichukua kijana mwingine, wa timu pinzani. Mbagnick alirudi uwanjani baada ya mwaka na zaidi, mzito, mguu mmoja mwembamba kuliko mwenzake. Alikuwa bado anaona mpira utakapoangukia, hilo halikumtoka, ila alifika wenzake wakiwa wameshaondoka nao. Watazamaji walianza kwa kumhurumia, wakaja kumzomea, kisha wakamsahau, na hilo la mwisho ndilo lililomuuma kuliko yote. Goti likaachia tena mazoezini, bila mtu kumgusa. Klabu ikampa sherehe ndogo na jezi kwenye fremu. Mjomba alikuwa ameshastaafu, nyumba imejaa wajukuu. Mbagnick akarudi Niakhar, akaoa, akalima karanga, na asubuhi za baridi aliingia shambani kwa fimbo.

Sambou aliacha kazi ya klabu msimu uleule wa ajali. Alikuwa akituma salamu, dawa za kupaka, mara nyingine nguo za watoto. Salamu zake zilikuwa za heshima tupu. "Mfikishie Bwana Ngom heshima zangu." Mbagnick akizisikia alikuwa akikunja uso kama aliyelambishwa shubiri.

Kisha Siga akafariki.

Watu walikuja kutoka kila upande, na watani nao wakaja, kama desturi. Mwalimu wa shule ya kijiji, Mjola mmoja kwa jina Manga, alijilaza kwenye mkeka wa waombolezaji akidai na yeye amekufa, kwa njaa, na hatafufuka mpaka aletewe nyama. "Waserer wachoyo hawa! Hata mama wa mtumwa wangu kafa, bado wanaficha mapaja ya mbuzi!" Wajane wazee walifuta machozi huku wakicheka. Hata baba yake Mbagnick alimrushia Manga kandambili.

Sambou alifika mchana, mvi zimemjaa. Watu walipojua ni Mjola wakampisha katikati, wakisubiri vituko. Manga akainuka kumpa nafasi. Sambou hakwenda katikati. Alipita pembeni, akakaa karibu na Mbagnick, akakunja mikono.

Mbagnick alimwona anatazama ile fimbo.

"Dokta," akasema kwa sauti ya chini, "nitukane."

Sambou akatikisa kichwa.

"Mama yangu kafa. Nitukane kama watu wengine."

Sambou akafungua mdomo. Alijaribu kweli, Mbagnick aliona midomo ikitafuta neno, aliona hata ule uso mkavu wa zamani ukianza kujikusanya. Halafu ukavunjika.

"Pole sana, Bwana Ngom," Sambou akasema. "Mungu amlaze mahali pema."

Mbagnick, ambaye tangu msiba uanze alikuwa hajadondosha chozi, akainamisha kichwa akalia kwa sauti, mabega yakitikisika. Wanawake walisogea, wakamshika mgongo, wakamwambia mama yake alikuwa mtu mwema. Hakuwaambia kwamba alikuwa hamlilii mama yake.