Majani ya Mnazi Mezani kwa Mwalimu

Mdogo wangu alipofaulu mtihani, mtu mwingine angechinja kuku. Mimi nilianza kumchunguza.

Mama alikuwa Majoreni akimuuguza bibi, na binti huyu wa kidato cha tatu aliachwa mikononi mwangu, hapa nyumbani Kinondo. Nilikuwa nimeshampangia mambo yake nikajiona hodari. Nilimkataza kuchota maji, nikamkataza kupika, nikamkataza hata kwenda kwa shangazi kushona makuti ya kuezekea, kazi aliyoizoea tangu utotoni. Mimi nafua mashuka hotelini Diani, sikutaka naye aje kuzeeka na mashuka ya watu. Nilimnunulia meza na kiti, nikamwambia, "Wewe kazi yako ni kusoma tu." Alisoma mpaka macho yakamvimba, na muhula ule akaanguka vibaya, akawa wa mkiani darasani.

Muhula uliofuata akapanda ghafla mpaka karibu na juu kabisa. Nani hupanda hivyo? Nikaanza kuangalia. Vidole vyake vilikuwa na mikato midogo midogo. Buibui lake lilinasa vipande vya majani makavu. Shule ilifungwa alasiri, lakini yeye aliingia nyumbani magharibi.

"Ulikuwa wapi?"

"Tulikuwa tunasoma, dada."

"Na mwalimu gani?"

"Tulisoma wenyewe tu."

Dalili ya mvua ni mawingu. Nikaanza kuona mwanamume kila mahali: mwendesha bodaboda aliyemsalimu kwa jina, kijana wa dukani aliyemwongezea pipi, yeyote ambaye angeweza kumpatia mtihani kabla ya siku yake. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira nilikuwa na hofu. Ningemwambia nini mama?

Kumbe sikuwa peke yangu. Mwalimu wake wa bayolojia, mtu wa bara, alinipigia simu. "Dada, huyu mtoto alikuwa mkiani, saa hii ako juu. Mtihani aliutoa wapi? Jumatatu mlete nimuulize mwenyewe. Nisiporidhika anaenda kwa bodi ya shule, na bodi huwa inafukuza."

Jioni hiyo nilimkalisha kwenye ile meza yangu. "Haya, niambie. Figo husafisha damu vipi?"

Aliikodolea macho meza. Mikono ilikuwa mapajani, na jibu halikuja. Nikasema moyoni, basi, mwizi nimempata.

Kesho yake niliomba kutoka kazini mapema, nikamvizia karibu na lango la shule. Hakushika njia ya nyumbani wala ya Ukunda mjini. Alikata katikati ya minazi, akaibukia kwa shangazi. Nilijibanza nyuma ya ua wa makuti.

Wanawake walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na ufito wake, wakikunja majani ya mnazi juu yake na kuyashona kwa nyuzi za ukindu. Mdogo wangu akajifunga kanga, akavuta ufito, akaanza. Shangazi hakuinua hata uso. "Leo umetuletea nini?"

"Figo, shangazi."

Akaeleza huku vidole vikikimbia. Walipokosa kuelewa walimrudisha nyuma. "Ngoja kwanza," akasema mmoja. "Yaani hiyo figo humwaga vyote, vizuri na vibaya?"

"Karibu vyote, halafu huokota sukari na maji inayoyataka. Yaliyobaki ndiyo mkojo."

"Ina kazi hiyo!" Wakacheka.

Nikajitokeza. "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekuja kushona au kupeleleza?"

Nilimpokonya mdogo wangu ukuti, nikaugeuza mbele na nyuma, nikamwinua nikapekua mkeka aliokalia. Hapakuwa na karatasi yoyote.

"Ulimkalisha kama mgeni," shangazi akaniambia. "Huyu mikono ikilala, na kichwa hulala. Tena mezani kwako hakuna wa kumuuliza kama sisi."

Nikalirudia lile lile swali la figo, yeye akiwa anashona. Alinijibu lote, tena akaniuliza kama nimeelewa.

Jumatatu nilifunga ufito, majani na ukindu ndani ya kanga, nikavimwaga juu ya meza ya mwalimu.

"Hii ni nini sasa?"

"Majani ya mnazi, mwalimu. Muulize utakacho, ila umwache ashone."

Alichukua jani moja moja, akaliinua dirishani kutafuta maandishi. Ufito aliuzungusha, akauchungulia mpaka ncha. Mdogo wangu alisubiri mikono mitupu. Kisha mwalimu akamuuliza ya mwanzo wa kitabu, akaruka ya mwisho, akarudi katikati. Alijibu huku akikunja na kushona, hata ukuti ukaenea meza nzima na takataka zikajaa sakafuni kwa mwalimu. Mwishowe mwalimu akavua miwani. "Alama zake ni zake," akasema. "Lakini afagie hapa."

Njia nzima nilikuwa nachemka. "Umemwona alivyopekua? Mtu mzima, msomi, anatafuta wizi kwenye jani la mnazi! Hana haya yule!"

Tulifika kwenye njia ya kwa shangazi. Mdogo wangu aliuchukua ule ukuti mikononi mwangu.

"Yeye hanijui, dada," akasema, akaingia kwenye minazi.