Bibi wa Karatasi ya Kaki

Yule bibi sikumchora mimi. Sentensi hiyo ina maneno manne, na imenichukua zaidi ya miaka ishirini kuiandika. Nimeikana mbele ya marafiki, mbele ya mume, na hata mbele ya binti yangu, aliyekuta michoro kabatini akaniuliza, "Mama, kumbe ulikuwa unaweza?" Nikamjibu, "Zamani." Neno "zamani" linatufaa sana sisi tuliosoma. Halidai ushahidi.

Nilirudi Sumbawanga na shahada yangu wakati kila kitu kimefunguliwa. Mahindi yalinunuliwa na yeyote mwenye lori, magazeti yalianzishwa na yeyote mwenye hasira, na mzee mmoja muuza vipuri, ambaye babu yake alifungua duka mjini enzi za Waingereza, alipanga kompyuta tatu na skana moja nyuma ya rafu ya mikanda ya feni. Huo ndio ulikuwa mtandao wetu. Mimi nilikuwa nafanya kazi katika ofisi ya mradi wa maji, ambako ripoti zilitiririka vizuri kuliko maji, kwa hiyo nilikuwa na muda.

Mtu niliyesoma naye aliniingiza katika kundi la barua pepe la wachoraji wa ridhaa. Tulikuwa kama kumi na tano hivi: mhasibu wa Moshi, nesi wa Tanga, mwanafunzi mmoja aliyekuwa Ulaya na hakutuacha tusahau. Kila Ijumaa msimamizi wetu, mtu mzima aliyekuwa akifanya kazi gazetini Dar es Salaam, alitutumia neno moja: foleni, mkwe, mvua. Kila mmoja alichora katuni ya visanduku vitatu kwa saa moja, kwa kalamu ya wino, bila kufuta, akaituma kwa wote kesho yake. Kisha tulisifiana, au tulisutana, kulingana na hali ya hewa.

Wenzangu walipojua ninakoishi waliuliza jambo moja tu, lile ambalo kila mtu huuliza akisikia Sumbawanga. Basi nikawapa wachawi. Wachawi kwenye ungo, wachawi kwenye foleni ya benki, mchawi akimwamkia mkwe. Mzee wa vipuri alikuwa anaweka karatasi zangu kwenye skana kwa ncha za vidole.

"Msomi, leo mchawi wako ana miguu mingapi?"

"Miwili, mzee."

"Na hiki?"

"Hicho ni kivuli."

"Aa. Mie nilidhani serikali imempa wa akiba."

Aliyemchora bibi nilimpata kwa sababu ya sketi iliyonibana. Alikuwa fundi cherehani pale Chanji, akishona sare za shule kwenye kibaraza cha duka, mzaliwa wa Msanzi, mdogo kwangu kama miaka sita. Baba yake alikataa kumpeleka sekondari, akampa cherehani. Nilipokuwa nasubiri sketi niliona pembeni ya karatasi ya kaki, ile nyembamba mafundi wanayokatia vipimo, bibi kizee aliyechorwa kwa biki. Amechuchumaa, anapiga makofi, anaamkia kwa Kifipa. Mbele yake kuna robota la mitumba, nalo limekaa tu, halijibu.

Nilicheka hadi nikaona aibu. Nikamweleza habari za kundi, na Jumamosi ile nikamwonyesha na michoro yangu. Aliitazama kama anavyotazama mshono wa fundi mwingine.

"Dada, usinichukie. Watu wako wamening'inia kama wameanikwa kwenye kamba."

"Wanapaa. Ni wachawi."

"Hata anayepaa nguo inamvuta mahali. Mtu akichuchumaa kitenge kinakaza hapa gotini, huku nyuma kinalegea. We unachora nguo, mwenyewe hayumo."

Kuanzia hapo tukawa tunachora pamoja kila Jumamosi asubuhi kibarazani kwake, saa moja, mimi na karatasi nyeupe ya ofisi, yeye na kaki, maana alisema karatasi nyeupe inamtisha kama mtihani. Bibi yake wa kwenye kaki aliamkia kila kilichokuja na soko huria. Alimwamkia mnunuzi wa mahindi, mnunuzi akajaza lori na kuondoka. Aliwaamkia ng'ombe wa Wasukuma waliofika shambani kwake, ng'ombe wakala alichopanda, na bibi akazidi kuwapigia makofi kwa sababu ni wageni. Fundi hakuandika maneno yoyote. Nilimuuliza anataka nini na michoro ile. Alikata uzi kwa meno kwanza.

"Jina langu liwe kwenye gazeti. Baba hanunui gazeti, lakini dagaa anakula. Siku moja atafungiwa dagaa kwenye jina langu."

Sasa niseme ilivyoanza, na nawaomba mwone jinsi ilivyoanza kwa wema. Nilitaka kutuma michoro yake kwa kundi, lakini kaki haikukubali skana. Ilitoka nyeusi, kama ukoko wa ugali, na bibi hakuonekana kabisa. Nikamwambia usijali, nitanakili. Nikaibandika kaki kwenye kioo cha dirisha la ofisi jua likiwa kali, nikaweka karatasi nyeupe juu yake, nikafuata mistari. Mkono wangu ulipita mle mle ulimopita wake. Nilipomaliza, chini ya kisanduku cha tatu, mkono ukaandika jina ulilolizoea.

Naweza kuapa mara ya kwanza ilikuwa mazoea. Mara ya pili siwezi.

Majibu yalimiminika. "Dada, mkono wako umekua ghafla!" aliandika nesi. Mwanafunzi wa Ulaya alisema hatimaye Sumbawanga imetoa mtu. Nilimpelekea fundi majibu hayo kwa mdomo, nikibadilisha kidogo njiani. "Wanasema mkono wako umekua." Alitabasamu, akaendelea kukanyaga cherehani. Hakuwahi kutumia kompyuta, na mimi, mtetezi wa elimu kwa wasichana, sikumfundisha. Niliwaacha wachawi wangu wafe kwa njaa. Miezi minane hakuna aliyewaulizia.

Kisha msimamizi akaniandikia peke yangu. Gazeti lao lilikuwa linataka ukurasa mzima wa katuni kila wiki, na alikuwa amewaonyesha wakubwa wake bibi. Nafasi ilikuwa moja. Jina la mchoraji lingekaa juu kwa herufi kubwa. Nitume katuni tatu mpya katika siku kumi.

Nilikwenda Chanji siku ileile. Kibaraza kilikuwa kimefungwa. Jirani akaniambia amekwenda Ilemba, bondeni, kwa dada yake aliyejifungua, atarudi baada ya wiki mbili. Ilemba si mwezini. Malori yalishuka kila siku, na mzee wa vipuri alikuwa na mawili ya kwake. Ningempa dereva barua, karatasi na biki, na kabla ya wiki kwisha michoro ingekuwa mezani kwangu. Nililifikiria hilo nimesimama pale kibarazani. Nililifikiria vizuri sana. Kisha nikarudi nyumbani kuchora mwenyewe.

Nilichora jioni saba. Mistari yake niliijua, nilikuwa nimeifuata miezi minane. Kanga, mgongo, miguu iliyopinda, vyote vilikuja. Nilijivunia hasa mikono. Nikatuma.

Siku ya kumi na nne alirudi, akaja moja kwa moja ofisini na mchele wa bondeni kwenye kapu, zawadi yangu, na kaki zilizokunjwa kifuani. Alikuwa amemchora bibi akimwamkia mtoto mchanga, na kwa mara ya kwanza yule anayeamkiwa alikuwa anajibu. Nilikuwa bado nazitazama kaki zile pale simu ya mezani ilipolia. Ilikuwa simu ya zamani yenye sauti kama kipaza sauti cha mnada. Aliyekaa kwenye kiti cha wageni alisikia kila neno, kama mimi.

"Dada, za huko kwetu?" Ni msimamizi. Sikujua kwamba huku ni kwao.

"Nzuri, kaka."

"Mie mama yangu ni wa huko. Sasa nikuulize, usikasirike. Katuni za zamani, bibi anapiga makofi kama mama. Viganja vimeacha nafasi katikati, kama vimeshika kifaranga, na viko chini, karibu na goti. Hizi tatu mpya anapiga kama yuko kwenye mkutano wa chama. Viganja bapa, juu kifuani. Hakuna bibi wa Kifipa anayeamkia hivyo. Zile za zamani nani alichora?"

Mimi nimezaliwa mjini. Mama yangu alikuwa karani, alisalimia kwa kupeana mkono. Makofi yale niliyafuata kwenye kioo cha dirisha miezi minane bila kuyaona.

Fundi alikuwa amenyanyua macho. Kwa mara ya kwanza alinitazama kama anavyotazama mshono. Alikuwa ananingojea, na nadhani hata wakati ule angenisamehe. Nilichotakiwa ni kunyoosha mkono wenye simu, hatua moja.

"Ni mimi," nikasema. "Zote ni mimi. Hizi nilichora nikiwa na homa."

Fundi akainuka, akaziokota kaki zake mezani, akazikunja na kuzirudisha kifuani. Mchele aliuacha. Kisha akachuchumaa mbele ya meza yangu, akainamisha kichwa, na akanipigia makofi kama wanavyopigiwa wakubwa, taratibu, viganja chini karibu na goti. Sauti ilikuwa nzito na tupu ndani, na ilikijaza chumba kile kidogo. Akatoka.

"Hayo!" msimamizi alipaza sauti sikioni mwangu. "Hayo ndiyo yenyewe! Nani huyo anayeamkia hapo?"

"Hakuna mtu, kaka."

"Dada. Nimesikia. Mpe simu."

Dirishani nilimwona anavuka barabara, upepo wa kiangazi ukimvuta kitenge, kimekaza gotini, nyuma kimelegea.

"Ametoka," nikasema.

"Basi mwite."

Ningeweza kumwita. Dirisha lilikuwa wazi. Nilikaa na simu sikioni hadi yule bwana akachoka kunisikiliza nikipumua, akasema ukurasa watampa mtu mwingine, na akakata.