Kitambaa cha Kompyuta Chenye Tundu Nyuma

Vumbi likipata moto lina harufu yake. Si ya moshi, si ya nguo iliyoungua. Ni kama mtu ameweka pasi juu ya udongo mkavu. Niliisikia tena mwezi uliopita, nilipofungua sanduku la Mama nikatoa kitambaa chake cha kufuma, cha rangi ya maziwa, kilichoshonewa shuka kwa ndani. Labda hakikuwa na harufu yoyote ila ya dawa ya nondo. Lakini mimi niliisikia, na siwezi kusema sikuisikia.

Tulikuwa tukipanga vitu vyake, mimi na Anti Mbithe, mdogo wake Mama, aliyetoka Entarara kwa mazishi na bado hakuwa na haraka ya kurudi. Anti alikichukua kile kitambaa, akakigeuza, akaona upande mmoja kina tundu kubwa kama kisahani.

"Panya hawa!" akasema. "Lete sindano nikizibe, Ndunge. Utakuwa na kitu kizuri cha kufunika tivi."

Nikamwonyesha ukingo ulioshonwa, nikamwambia si panya. Nikaketi kitandani nikamweleza, na nyinyi nitawaeleza vilevile.

Nilikuwa darasa la tano. Tulikaa Kitengela, na Mama alikuwa akishona kola za mashati katika kiwanda cha nguo. Nyuzi ndogondogo zilimwingia kifuani, akawa anakohoa kila asubuhi mpaka macho yanatoka machozi. Pale kiwandani kulikuwa na stoo ya vifungo na zipu, mahali pasafi pasipo nyuzi hewani, na karani wake alikuwa karibu kustaafu. Msimamizi alisema atakayechukua nafasi hiyo awe anajua kompyuta, na alete cheti. Mama alikuwa ameishia darasa la saba. Hata hivyo alienda kujiandikisha kanisani, kwenye ukumbi wa mabati, ambako Madam Nekesa, binti kutoka Bungoma aliyepanga mtaa wetu, alifundisha kila Jumamosi mchana kwa kompyuta nne zilizochoka kwingine kabla ya kutufikia.

Mimi nilienda naye kwa sababu maandishi ya ubaoni yalikuwa ya Kiingereza na kamusi ilikuwa yangu. Viatu tulivua mlangoni. Ukutani kulikuwa na karatasi ya sheria, na ya mwisho nilimsomea Mama mara mbili: atakayeharibu mashine ataondoka darasani.

Nyumbani hatukuwa na kompyuta, lakini jiko na sufuria zilikuwepo, kwa hivyo tulisomea hapo. Mama alisema prosesa ni mpishi, kila kitu kinapitia mkononi mwake. RAM ni sinia anayokatia sukuma wiki: ikiwa kubwa unapanga vingi kwa mara moja, ikiwa ndogo unasongamana. Diski ni kabati. Mimi niliyekuwa nikitoa vitu kabatini na kuvileta kwenye sinia nilikuwa nyaya.

"Stima ikipotea?" aliniuliza, kisu mkononi.

"Vya kwenye sinia vimemwagika. Vya kabatini viko."

"Na nikikutuma chumvi uniletee sukari?"

"Hiyo ni virusi, Mama."

Alicheka mpaka akakohoa. Sijawahi kusoma kitu kingine chochote kwa raha namna ile. Mtihani wenyewe ungekuwa wa kushika: Madam angefungua mashine, ainue kipande kimoja kimoja, nawe utaje jina na kazi yake.

Jumamosi moja kabla ya mtihani huo, Mama alikuja na kitambaa chake. Alikuwa amekifuma mwezi mzima kwa ajili ya kompyuta tuliyotumia, akakishonea shuka ndani ili vumbi lisipate hata pa kupenyeza. Tulipokuwa tukiinuka kwenda kunywa chai, kundi la ng'ombe lilipita karibu na ukumbi likielekea kwenye maji, na upepo ukalisukuma vumbi lote dirishani.

"Funikeni mashine!" Madam akapiga kelele.

Watu wakarusha leso na magazeti. Mama alibonyeza kitufe cha skrini, ikawa nyeusi, kisha akakivuta kitambaa juu ya lile kasha la chini yake mpaka kikagusa meza pande zote. Kwa ndani niliona taa ndogo ya kijani ikiwaka kupitia nyuzi. Niliiona nzuri.

Tuliporudi kutoka kwa chai, ile harufu ilikuwa imejaa ukumbini.

"Mama Ndunge, umeunguza uji?" akasema Lemayian, mlinzi wa shamba la maua, ambaye alikuwa mcheshi wa darasa. Watu wakacheka. Mama akatoa kitambaa, akabonyeza, akabonyeza tena. Mashine haikuwaka.

Madam Nekesa alishika kichwa. "Ni hii stima yetu. Wiki nzima inapanda na kushuka."

Kila mtu akakubali kwamba ni stima. Nikaona tumepona. Lakini Mama alikuwa akisimama, nami nikaikamata sketi yake kwa nguvu zangu zote. Akautoa mkono wangu, kidole kwa kidole.

"Madam, si stima. Niliifunika ikiwa inawaka. Nilizima hii ya kuangalia, nikadhani yote imelala."

Niliangalia ile karatasi ukutani. Kisha Lemayian akakohoa kidogo.

"Hata mimi nazimanga tu hiyo ya kuangalia. Ni vile mimi niko na gazeti, sina kitambaa kizuri."

Mama mmoja wa nyuma akasema naye pia. Na mwingine. Madam akatutazama sote, miguu yetu mitupu imejipanga sakafuni.

"Wiki nane," akasema polepole. "Wiki nane, na sijawaambia skrini si kompyuta. Basi wa kuondoka ni mimi."

Hakuondoka, wala Mama hakuondoka. Madam alileta bisibisi akalifungua kasha mbele yetu. Kifaa cha kuingiza stima kilikuwa kimeungua, na feni yake ilikuwa imeziba kwa vumbi. Vingine vyote vilikuwa salama. Mama aliinama akatazama ndani.

"Kumbe jikoni kwa mpishi lazima kuwe na dirisha," akasema.

Siku ya mtihani, Madam alipofika kwa Mama aliinua feni. Mama akataja jina na kazi yake, kisha akaongeza kwamba isizibwe hata kama kitambaa ni kizuri, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Cheti alipata. Stoo aliingia mwaka uliofuata, na kikohozi kikapungua. Kitambaa hakukitupa. Alikikata yeye mwenyewe pale penye feni, akapinda ukingo kwa mshono wa tundu la kifungo, na kwa miaka yote aliyokaa stoo kilikuwa pale mezani. Kabla ya kufunika alipeleka kwanza kiganja nyuma ya mashine, asikie kama imepoa.

Nilipokuwa mdogo niliamini Lemayian ndiye aliyetuokoa, na nilidhani Mama aliogopa kufukuzwa tu. Mimi nilifika kidato cha pili, nikafanya kazi za watu, na nimewahi kuvunja vitu vya watu nikanyamaza. Ndipo nikaelewa kwamba jambo gumu kwake huenda lilikuwa ule mkono wangu kwenye sketi. Mimi nilimwona kama mtu anayejua kila kitu, naye ilibidi akiri mbele yangu kwamba hajui.

Anti Mbithe aliichomeka sindano niliyokuwa nimemletea kwenye kidonge cha uzi.

"Haya. Sasa utafunika nini nacho?"

"Tivi. Tundu likae nyuma."

Tivi yangu ni ya zamani, yenye mgongo, na tulikuwa tumeizima punde tu baada ya habari. Nilikunjua kitambaa, kisha nikapeleka kiganja nyuma yake. Ilikuwa bado na joto.

Tukangoja.