Mbegu Iliyosahau Baridi

Orpha alivuka kutoka Kongo kuja Bujumbura akiwa msichana, anakimbia vita, na kitu pekee cha kwao alichokuwa nacho ni konzi ya maharage. Yalikuwa maharage meusi ya mama yake, yale yanayotambaa juu ya miti mirefu kule milimani Kaziba, kwenye ukungu.

Nyumbani kwao binti haachi mbegu ya mama. Akiolewa anaondoka na konzi moja, na kila baada ya mavuno anarudisha konzi, mama anazichanganya zote katika chungu kimoja. Hata mabinti wakitawanyika, maharage yanabaki ya nyumba moja. Lakini konzi ya Orpha ingerudi vipi? Kati yake na mama yake kulikuwa na mto Rusizi, mpaka, watu wenye bunduki, kisha ile milima anayoiona kila asubuhi kutoka Kinama, mtaa wa Bujumbura alikoishi, akienda kulima. Kila msimu alitenga konzi ya mama, na kila msimu aliishia kuipanda mwenyewe.

Hakuchanganya mbegu yake na ya mtu mwingine hata punje moja. Jirani yake Zubeda alimtania kwamba maharage yake yana wivu kuliko mume. Lakini joto la Kinama halina mzaha. Mimea iliyochelewa kuchanua ilidondosha maua ikafa bila ganda, basi Orpha akatunza mbegu za maganda yaliyowahi, maana ndiyo yaliyokuwepo. Misimu ikapita, mimea ikafupika, punje zikapungua ukubwa, naye hakuona. Nani humwona mtoto akirefuka wakati analala naye chumba kimoja?

Mwaka jana dada yake mkubwa, Murhula, alipiga simu. Nyumba ya mama ilichomwa, na chungu cha mbegu kikaungua humo, na mabinti wengine walikuwa wamepoteza zao vitani. Mama hainuki tena kitandani, chakula hakipiti, na anachoomba ni maharage yake tu.

"Ni we peke unabakia na maharagi ya kwetu," Murhula alisema.

Orpha alilia kwa furaha. Ndiyo, furaha, kwa sababu miaka yote ile ya kutaniwa sasa ilikuwa na kazi. Mpaka ulipofunguliwa alivuka na mfuko wa mbegu, akapanda milima, yeye na Murhula wakalima na kusimika miti mirefu kama zamani.

Mvua za mlimani zikaja. Maharage yakachanua yakiwa bado usawa wa goti, yanaharakisha kukimbia jua ambalo halikuwepo. Baridi ikayakuta na maua, mashina yakaoza, miti ikabaki mitupu. Murhula alimuuliza kwa upole kama kweli hakuyanunua sokoni, na swali hilo lilimuuma Orpha kuliko tusi.

Alichukua baadhi ya punje zilizosalia mfukoni, akampikia mama. Mama alitafuna polepole, kisha akaomba punje moja kavu, akaipapasa kwa kidole gumba.

"Iko mazuri," alisema. "Lakini haiko ya kwetu, mwana wangu. Hii ni ya kule unaishi."

"Mama, ni yale ulinipa. Sijachanganya."

"Najua haukuchanganya," mama alisema, akamshika mkono.

Alifariki kabla ya mvua kukatika. Orpha alirudi Kinama na punje chache zilizobaki, akazipanda kwa sababu hakujua kufanya nini kingine. Zikaota upesi, zikachanua mapema juani, zikazaa mpaka Zubeda akasimama kando ya shamba kusifu. Orpha aliinama akaendelea kupalilia.

Siku ya kupura maharage, mkono wake ulitenga konzi ya mama kwa mazoea. Alikaa nayo kwenye tuta mpaka jua likaanza kushuka nyuma ya milima, hana wa kumpelekea.