Mfua Nguo Aliyekwama Kwenye Neno Moja

Jua limeinama upande wa ziwa Singidani, na Theodora bado anayahutubia mashuka.

Yako mengi, meupe, yamejaa kwenye kamba nyuma ya hospitali. Upepo wa Singida haujui kupumzika, nayo mashuka yanatikisika kama watu wanaokubali kila wanachoambiwa. "Bwana Mwenyekiti," anayaambia huku akiyaanua moja moja, "na ninyi wenzangu mliokusanyika hapa." Shuka moja linamponyoka, anaguna, analikung'uta vumbi, anaendelea na hotuba.

Lakini kuna mahali akifika, sauti inashuka. Anageuka nyuma. Anatazama kulia, anatazama kushoto, kisha analinong'ona neno moja upesi upesi, kama mtoto anayeramba sukari ya wageni.

"Bado halijanikaa mdomoni," anamwambia mwandishi, na kujicheka. "Leo litanitoa jasho, utaona."

Theodora, ambaye wengi humwita Mama Luciana kwa jina la binti yake, ni mfua nguo wa hospitali. Alitoka kijiji cha Mungaa na mumewe, Samweli, aliyepata kazi ya kutengeneza barabara na ambaye sasa hulala zaidi kambini kuliko kwake. Mama huyu anafua, anaanika, anapiga pasi ya mkaa mpaka mabega yanalia. Viganja vyake vimechubuka kwa sabuni na magadi, na akikupa mkono unahisi mikwaruzo.

Alhamisi jioni ndiyo siku yake. Hapo huvaa gauni lake la bluu na kwenda kwenye ukumbi wa jamii, kwenye Chama cha Wasemaji. Humo wamo walimu, makarani, fundi cherehani mmoja mwenye maneno mengi, na dereva wa lori. Mwanamke ni yeye peke yake.

Aliingiaje? Kwa kitambaa cha meza. Alitumwa kukipeleka, akakuta watu wanasema kwa zamu, akasimama mlangoni mpaka akasahau kurudi nyumbani.

"Nilimwona mtu mzima amesimama, anatetemeka, anasema yake, anakaa, na hakuna aliyemzomea," anasimulia. "Nikasema moyoni, kumbe hata kutetemeka kuna mahali pake! Nikamwomba Mwalimu aniandike."

Mwalimu huyo ni Nathanaeli, mwenyekiti wa chama, mtu mpole mwenye kengele ya baiskeli mezani. Muda wako ukiisha, anailiza. Ukienda kombo, anailiza vilevile. Na anayo sheria moja asiyoilegeza hata kwa rafiki: msemaji akija kuomba kitu, akitaje kitu chenyewe kwa jina lake. Asiyekitaja, hoja yake haihesabiwi.

Sheria hiyo ndiyo iliyomkosesha Theodora usingizi wiki hii.

Jumatatu ijayo kuna baraza la Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na Bwana Maji wa Serikali atakuwepo. Mwaka huu, kiangazi hiki, mtambo wa kuchimba maji utapita wilayani, nao hauwezi kwenda kila kijiji. Kijiji kinachoutaka kipeleke msemaji mmoja. Watu wa Mungaa wanaoishi mjini wamekubaliana kwamba msemaji wao atatoka chamani, na atapatikana leo. Wanaoshindana ni wawili: Theodora, na Antipasi, karani wa mahakama, naye mzaliwa wa Mungaa, kijana msafi mwenye sauti inayofika mpaka barabarani.

Theodora anautaka usemaji huo kwa moyo wake wote, wala hafichi. "Antipasi anasema vizuri kuliko mimi," anakiri. "Lakini mimi ndoo zile nimezibeba. Nataka nizitue mbele yao."

Sasa, neno lenyewe. Katika boma alikoolewa Theodora, mke wa mtoto halitaji jina la baba mkwe wake. Halitaji mbele yake, halitaji nyuma yake, wala halitaji kitu chochote kinachoitwa jina hilo. Na baba mkwe wake, miaka mingi iliyopita, alichimba maji ya kwanza pale bomani kwa jembe na mikono yake, watu wakamsifu mpaka jina lake la kuzaliwa likafifia. Mwandishi si mkwe wake, basi anaweza kulitaja. Anaitwa Mzee Kisima.

Ndiyo hivyo! Mama anakwenda kuomba kisima, na kisima hawezi kukisema. Tangu aolewe amekuwa akisema "pale penye maji" ama "lile shimo letu", na Mungaa kila mtu anamwelewa. Mjini nani atamwelewa?

Alikuwa na matumaini yake. Mzee yuko Mungaa, mbali. Huku angelisema mara moja, angeomba radhi kimoyomoyo, basi. Lakini Jumanne lori limesimama mbele ya nyumba yao, na nani kashuka? Mzee Kisima mwenyewe, na fimbo yake, amekuja kutibiwa macho. Na leo, aliposikia mkwewe atasema ukumbini, akajifunga shuka lake na kutangulia mlangoni.

"Nami nikasikilize," alisema. "Macho yamechoka, masikio bado."

Ukumbini taa ya karabai inavuma. Mzee ameketishwa nyuma karibu na mlango, jicho moja limefungwa bendeji. Antipasi anaanza. Anasema kwa mpango, anataja idadi ya kaya na ya mifugo, anataja kisima mwanzo, anakitaja katikati, anakitaja mwisho, kila mara wazi kabisa. Anapigiwa makofi ya haki.

Theodora anasimama. Mikono ameifumbata mbele ya gauni.

"Bwana Mwenyekiti, na ninyi wenzangu. Kwetu Mungaa siku hizi salamu zimekuwa ndefu." Watu wanatazamana. "Mgeni akifika, tunamuuliza habari za kwake. Za shamba. Za ng'ombe. Za wakwe. Tukimaliza tunarudi tena kwa ng'ombe. Mgeni anadhani tunampenda sana. Tunampenda, lakini tunavuta muda, ili aliyekwenda kuchota maji arudi, tusione aibu ya kumkarimu mtu kwa kinywa kikavu."

Ukumbi unaangua kicheko. Dereva wa lori anajipiga paja na kusema, "Kweli kabisa, nimesalimiwa hivyo mimi!"

Theodora hacheki. "Mke wa shemeji yangu, Rahabu, alijifungua mwezi uliopita, nami nilikuwepo. Mtoto alipotoka, mtungi ulikuwa mtupu. Tulimpangusa kwa kitambaa kikavu. Mimi nafua mashuka ya watu wasionijua kwa maji tele, na mtoto wa kaka wa mume wangu ameingia duniani bila tone la maji."

Hakuna anayecheka tena.

"Kwa hiyo tunaomba..." anasema. "Tunaomba Serikali ituchimbie... ituchimbie shimo refu la maji."

Kengele inalia. "Taja kitu, Mama Luciana," anasema Mwalimu Nathanaeli kwa upole.

"Shimo, Bwana Mwenyekiti. Lile la kuchotea."

"Shimo la taka nalo huitwa shimo!" anadakia fundi cherehani, na baadhi wanacheka. Kengele inalia tena. Theodora ameinamisha kichwa. Machozi yanamlengalenga, na neno liko pale pale kooni, haliendi mbele wala nyuma. Mwalimu, aliyezaliwa mbali na huku, anachukua kalamu aandike kwamba hoja haihesabiwi.

Hapo anasimama Antipasi. Angekaa kimya tu, ushindi ulikuwa wake.

"Utaratibu, Bwana Mwenyekiti! Usiandike. Mama huyu anakijua kitu anachokiomba kuliko mimi. Ila kitu hicho ni jina la mkwewe, na mkwewe ndiye yule pale."

Vichwa vyote vinageuka. Mzee Kisima anaitafuta fimbo yake, anajiinua taratibu, anapapasa ukuta mpaka mlangoni, anatoka. Fimbo inasikika ikigonga kokoto za nje, kisha inatulia. Theodora anaziba mdomo kwa kiganja. Anajua amemkosea, amemwaibisha mzee wa watu mbele ya mji mzima.

Mara sauti inaingia dirishani kutoka gizani.

"Haya, mama. Mimi nimeshaondoka. Sema!"

Theodora anacheka na kulia kwa pamoja. Anajifuta kwa upindo wa gauni, ananyoosha shingo, na kwa sauti ambayo mashuka hayajawahi kuisikia, anasema, "Tunaomba kisima!"

Kwa makofi yanayofuata, taa ya karabai inayumba kwenye ndoano yake. Mikono inahesabiwa, na mkono wa kwanza kwenda juu ni wa Antipasi. Msemaji wa Mungaa amepatikana.

Wakati wa kutoka, Theodora anampigia magoti mzee pale kwenye kokoto. "Baba, nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi sikuwepo," anajibu mzee, na kumpa upande wa pili wa fimbo aushike, amwongoze nyumbani.

Njiani anasema mambo mengine, naye Theodora ameyahifadhi. Kwamba maji aliyoyachimba ujanani yameshuka, na yanayopatikana yana chumvi hata ng'ombe wanayasusa. Kwamba daktari hakumpa ahadi kubwa juu ya jicho lile jingine. "Kabla halijafunga," alisema, "nataka nione maji mapya yakitoka pale. Nione tu, hata kuyanywa si lazima."

Ijumaa asubuhi mashuka yamerudi kwenye kamba. Theodora hana hamu ya kusikia sifa za jana, anaiwaza Jumatatu. Barazani hakutakuwa na mlango wa mzee kutokea, watu watakaa uwanjani, na mzee amekwisha sema hatabaki nyumbani. Ameapa kwamba atakaa mstari wa mbele.

"Nataka nilitaje mara moja, bila kugeuka nyuma," anasema Theodora. "Nikisitasita, Bwana Maji ataita kijiji kingine. Na maji yakitoka, Luciana wangu atakuja kuchota pale akiimba, si akikimbia ili mgeni asichoke na salamu."

Anashika kamba kwa mikono miwili. Anavuta pumzi. Shingo inataka kugeuka, anaikatalia.

"Bwana Shauri, Bwana Maji, na wazee wa baraza. Watu wa Mungaa wanaomba kisima."

"Naam!" inaitika sauti nyuma ya mashuka.

Theodora anaganda. Upepo unalipeperusha shuka, na pale nyuma, juu ya beseni lililopinduliwa, ameketi mzee na fimbo yake, anaota jua.

"Naam, mwanangu, nimesikia," anasema. "Lakini ongeza sauti. Mabwana wa barazani masikio yao ni mabovu kuliko macho yangu. Hebu niite tena."